Upande wa Kushoto Unazama

Ijumaa, tarehe 2 Agosti

Mama,

Shikamoo. Natumai mikono ya posta ya lori itakufikishia barua hii ukiwa mzima, na kwamba mgongo umekupa nafuu. Mimi sijambo. Kile kikohozi cha wakati wa baridi kimeniachia.

Najua ukiuona mwandiko huu utakaa chini kwanza. Miezi ishirini na sita bila hata mstari mmoja si kitu cha kupita juu kwa juu, nami sina la kujitetea. Naandika kwa sababu ya kazi, na fundi ninayemjua wa kuniambia ukweli ni wewe.

Mimi ni fundi wa maji huku milimani. Juu kabisa, kwenye kilele, kuna makazi ya kaya karibu mia mbili wanaokunywa bwawa moja na ng'ombe wao. Tangu Juni tumeshashusha watu kumi na mmoja kwa machela, wanaharisha mpaka macho yameingia ndani. Kisima kimechimbwa, maji yapo, safi. Kilichobaki ni pampu, na pampu inakuja mwezi ujao.

Njia ya kupanda ni kilomita nane. Gari haipiti. Tuna pikipiki ya magurudumu manne, watu wanaiita Kaa kwa jinsi anavyotambaa kwenye mawe. Anayemwendesha ni dada mmoja tunayemwita Kasi, zamani alikuwa anabeba abiria kwa pikipiki mjini, ana watoto wawili na mdomo mkali. Juzi tulimjaribu Kaa na mifuko miwili ya saruji kwenye keria ya mbele, uzito sawa na wa mota ya pampu. Pua ilishuka hadi springi zikagonga mwisho, ko, ko, ko, kila tukipita kwenye shimo, na usukani ukawa mzito kama unageuza jiwe la kusagia. Mpando wa mwisho watu wanauita Ngazi. Kushoto kwake ni bonde.

Kuna ringi za kukazia springi za mbele. Nikaze kiasi gani? Mnara wa simu ulianguka na mvua, hakuna aliyeusimamisha. Tunategemea lori la mahitaji: linapanda Ijumaa, linashuka Jumamosi.

Samahani kwa usumbufu.

Mwanao


Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kikohozi kimekuacha. Kinachoacha hurudi, vaa sweta. Mgongo wangu upo, unanisalimia kila asubuhi kabla ya mtu mwingine yeyote. Duka liko wazi. Fundi cherehani wa mlango wa pili anakusalimia, bado anashona suruali fupi kwa kila mtu.

Hiyo "samahani kwa usumbufu" waandikie watu wa ofisini kwako. Mimi ni mama yako.

Sasa kazi. Kwanza toa mifuko. Mwinue Kaa kwa mbele mpaka magurudumu yaning'inie hewani, na kabla hujaingiza hata kidole chini, weka magogo ya kuegemeza. Sisemi zaidi.

Sugua nyuzi za shokapu, ile mikato ringi inamozungukia, kwa brashi ya waya, zipake mafuta, maana vumbi likibanwa mle ringi itakula nyuzi na hutairudisha tena. Chora alama ya chaki kwenye ringi zote mbili ili uhesabu. Legeza ringi ya kufungia, halafu tumia spana ya ndoano, ile yenye mdomo kama wa ndege. Mizunguko sita kulia, mizunguko sita kushoto. Sawa kwa sawa. Usiende kwa macho, macho yana huruma.

Elewa jambo moja ambalo vijana wengi hawalielewi: ukikaza hivyo huongezi nguvu ya springi. Springi ni ileile. Unainua tu pua ili ipate nafasi ya kushuka kabla ya kugonga. Kwa hiyo mkishashusha mzigo, zirudisheni zilipokuwa. Kaa mtupu kwenye springi zilizokazwa atarukaruka kama mbuzi, na mbuzi wa kilo mia tatu akikuangukia hamtachekeana.

Pima kutoka ardhini hadi chini ya bampa, kulia na kushoto, akiwa mtupu na akiwa amebeba, kabla na baada ya kukaza. Upepo wa matairi uwe sawa. Nipe namba. Usiniambie "naona kama imekaa vizuri."

Na swali: amewahi kugonga kitu? Jiwe, mti, ukuta, chochote. Nijibu hilo kabla ya mengine.

Kula.

Mama yako


Ijumaa, tarehe 16 Agosti

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nimeisoma mara tatu, mara moja kwa ajili ya springi. Nashukuru mgongo bado unakusalimia. Mimi mzima, ila wiki hii tumeshusha wengine wanne, na mmoja, bibi wa makamo, hakufika chini.

Magogo niliweka. Manne, si mawili.

Namba hizi hapa, zote sentimita. Mtupu kabla ya kukaza: kulia thelathini na sita, kushoto thelathini na sita. Amebeba kabla ya kukaza: kulia ishirini na nane, kushoto ishirini na saba. Baada ya mizunguko sita, amebeba: kulia thelathini na nusu, kushoto ishirini na tisa. Upepo wa matairi sawa.

Kwa kuwa kushoto kulikuwa bado chini, nikaongeza mizunguko miwili upande huo, akasimama wima. Kasi alimpeleka mpaka mwanzo wa Ngazi na kumrudisha. Anasema usukani umekuwa mwepesi, haugongi tena, na anakushukuru. Amesema niandike maneno yake yenyewe: "Mwambie mama yako kama ana mwana mwingine anayejua kazi kama yeye, amlete, huyu abaki na mabomba yake."

Anasikia mlio mdogo, tik, akikata kona kulia. Nadhani ni keria.

Hajagonga kitu.

Mwanao


Alhamisi, tarehe 22 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa bibi huyo, na poleni nyote mnaobeba. Najua machela inavyokuwa nzito inaporudi.

Nimekaa na namba zako siku tano. Nimezibandika ukutani juu ya meza ya vifaa, na kila nikipita nazitazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyetaka kusema alikotoka.

Akiwa mtupu pande zote sawa. Akibeba, kushoto kunazama. Nilidhani kwanza ni springi ya kushoto imechoka. Inawezekana, zinachoka. Lakini ule mlio haunipi usingizi mzuri. Anapokata kona kulia, uzito wote unahamia kushoto. Ndipo analia. Keria haijui kulia na kushoto.

Kwa hiyo fanya hivi. Ondoa ile mizunguko miwili uliyoiongeza. Nani alikuruhusu? Nilisema sawa kwa sawa. Ukiongeza upande mmoja ili asimame wima, hujamponya, umemfunika shuka.

Kisha fungua shokapu zote mbili uzibadilishe. Ya kulia iende kushoto, ya kushoto iende kulia. Mizunguko sita kila moja. Mbebeshe, pima. Kama upande unaozama umehamia kulia, basi kosa ni la springi, nami nitakutafutia nyingine hapa mjini hata kama ni kwenye chuma chakavu. Kama kushoto bado kunazama, mwache kabisa. Usimpakie chochote. Niandikie, usubiri jibu langu. Umenisikia? Usubiri.

Nakuuliza tena, bila kelele: amewahi kugonga kitu?

Unajua mimi nina vidole vitatu mkono wa kushoto, na bado vinatosha kushika kalamu kuuliza mara mbili. Vitatosha na mara ya tatu.

Mama yako


Ijumaa, tarehe 30 Agosti

Mama,

Shikamoo. Natumai u salama. Mimi naandika haraka, dereva wa lori ameshaanza kupakua na nataka barua iwe mkononi mwake kabla hajapata mtu wa kupiga naye soga.

Pampu imefika leo, wiki mbili kabla ya wakati. Ungeona watu walivyoizunguka. Mama mmoja aliipapasa kama mtoto mchanga. Jana watoto wawili wa nyumba moja walishushwa, na leo mwenyekiti wa kamati ya maji akaja ofisini akasimama mlangoni, hakukaa. Akasema, "Fundi, kama kuna siku unayoingoja, tuambie ni ipi, ili tuwaambie wagonjwa nao waingoje." Nikamwambia Jumatano.

Shokapu nimezibadilisha kama ulivyosema. Mizunguko sita kila upande. Amebeba: kulia thelathini na nusu, kushoto ishirini na nane na nusu.

Bado ni kushoto.

Najua ulisema nisubiri. Lakini jibu lako haliwezi kufika kabla ya lori la Ijumaa ijayo, na siwezi kumwambia mwenyekiti kwamba namsubiri mama. Nimeongeza mizunguko mitatu kushoto, amesimama wima, tumemzungusha uwanjani, hana neno. Tutaondoka Jumatano tarehe nne, saa mbili asubuhi, njia ikiwa kavu. Kasi ataendesha. Mimi nitatembea mbele.

Kuhusu lile swali, nimeshajibu.

Niombee.

Mwanao


Jumapili, tarehe 1 Septemba

Mwanangu,

USIMPAKIE.

Salamu baadaye. Barua yako nimeipata jana jioni na tangu hapo sijakaa. Si springi. Umebadilisha springi na ugonjwa haukuhama, kwa hiyo haukuwa ndani ya springi. Umo kwenye kile chuma kinachoishika shokapu kwa juu, pale kilipochomelewa kwenye chasisi, upande wa kushoto. Kimepasuka. Akiwa mtupu, ufa umefumba, ndiyo maana namba zako zilikuwa sawa. Akibeba, unafumbuka, anazama, na ule mlio ni midomo ya ufa inayogusana. Na kila mzunguko uliouongeza kushoto umezidi kuusukuma. Mimi niliyekwambia ukaze nami nimeusukuma.

Kama huniamini, osha pale juu kwa mafuta ya taa, uache dakika kumi, pangusa kwa kitambaa kikavu mpaka pang'ae, halafu pake unga wa chaki. Panda juu ya keria uchezecheze. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Utauona kwa macho yako.

Kwenye uwanja hatavunjika. Atavunjika kwenye Ngazi, uzito wote ukiwa nyuma na pembeni, na gurudumu la kushoto litajikunja kuelekea bondeni. Juu yake kuna mama wa watoto wawili.

Chuma kile hakipasuki kwa kubeba saruji mara mbili. Kinapasuka kwa kugonga. Umeniambia mara mbili hajagonga kitu. Namba zako zinasema vingine, na namba ulizipima mwenyewe. Sina hasira nawe. Nasema sina hasira. Mwambie Kasi ukweli tu.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Moja nampa dereva wa lori la mawe anayekwenda kesho mpaka njiapanda, ataiacha dukani pale mpaka apatikane mtu anayepanda. Kutoka njiapanda ni siku mbili kwa miguu, ningekwenda mwenyewe kama magoti yangu yangekuwa yale ya zamani. Nyingine nampa mhudumu wa chanjo, anasema labda atapita huko. Labda! Nikikosa habari zako hadi Ijumaa, napanda lori la mahitaji mwenyewe.

Mama yako


Jumamosi, tarehe 7 Septemba

Mama,

Shikamoo. Naandika barua hii nimekaa kwenye kizingiti cha duka lako. Mlango una kufuli. Fundi cherehani ananiambia ulipanda lori jana alfajiri na kikapu cha spana, hukutaka hata kunywa chai. Nitaisukuma chini ya mlango ili uikute, maana yaliyomo siwezi kuyabeba mpaka Ijumaa nyingine.

Mimi ni mzima. Anza na hilo.

Jumatano asubuhi tulipakia. Mota mbele, pampu na mabomba nyuma, kamba tatu tatu. Kiwanja chote kilijaa watu. Barua yako haikuwa imefika. Kasi alivaa kofia ngumu, akawapungia mkono kama anakwenda harusini, tukaondoka. Mimi mbele, watu kama thelathini nyuma.

Kilomita sita alikwenda vizuri. Nilikuwa nahesabu milio. Mwanzoni ilikuwa kwenye kona tu. Kwenye kilomita ya nne ikaja hata pakiwa nyoofu. Nilikuwa najisemea ni keria, ni keria, kama mtu anayesoma dua.

Chini ya Ngazi pana mahali tambarare, padogo kama chumba. Kasi akasimama apumue. Akavua glovu, akafuta mikono kwenye suruali, mmoja, halafu mwingine, akazivaa tena. Nikaitazama mikono yake, Mama. Vidole kumi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Kasi, shuka."

"Kuna nini?"

"Shuka kwanza."

Akashuka. Nikamwambia. Kwamba mwezi wa saba, siku aliyokuwa amekwenda kuwaona wanawe, nilimchukua Kaa peke yangu nijifunze kumwendesha, nikateleza kwenye korongo na kugonga mwamba kwa upande wa kushoto, kwa nguvu. Kwamba nilinyoosha bampa kwa nyundo, nikaipaka rangi, nikanyamaza. Kwamba wewe umeniuliza mara mbili, na mara zote mbili nimekwepa.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alisema polepole, "Nimempanda huyu mnyama wiki saba. Nimepita naye hapa na mvua. Wewe unatembea mbele, unamsikia, umenyamaza." Halafu akasema, "Wanangu unawajua majina."

Mwenyekiti alikuwa amesikia. Watu wote walikuwa wamesikia. Mwenyekiti akaanza kufungua kamba. Tukashusha mota, tukashusha pampu. Wakakata miti miwili, wakaifunga mota katikati, wanane wakaingia mabegani. Wanawake wakachukua mabomba. Walipanda Ngazi kwa miguu, wakipokezana kila hatua ishirini, na mimi nilikuwa chini ya mti wa mbele upande wa bonde mpaka bega likachubuka, hakuna aliyeniambia nipumzike wala sikuomba.

Lakini kabla ya hapo. Kasi alisema hawezi kumwacha Kaa njiani, atamgeuza amrudishe taratibu akiwa mtupu. Nilimwambia asimguse. Akasema, "Wewe leo huna la kuniambia." Springi zilikuwa bado zimekazwa, zile ulizosema mtupu atarukaruka. Akamgeuza, gurudumu la mbele likapanda jiwe, akaruka mara moja tu, na alipotua nikasikia sauti kama mtu amevunja kuni kavu. Upande wa kushoto ukajikunja. Kasi akarushwa upande wa mlima, si wa bonde. Mfupa wa bega umevunjika na mbavu mbili. Wanawake wawili walimfunga bega kwa khanga wakakaa naye mpaka niliposhuka. Kama angekuwa na mzigo, hatua mia mbili juu zaidi, leo ningekuwa nakuandikia habari za kifo chake.

Jioni hiyohiyo vijana niliokuwa nimewafundisha waliunganisha pampu. Maji yalitoka. Sikuyaona, nilikuwa njiani na machela. Tumemshusha Kasi siku mbili mpaka njiapanda, na pale dukani, chini ya kopo la misumari, nikaikuta barua yako ya tarehe moja. Niliisoma nimesimama. Kila kitu ulichosema ndicho kilichotokea, mpaka upande.

Kasi yuko hospitali hapa mjini, wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Amelala vizuri. Hajazungumza nami isipokuwa kuniambia nisimletee maua, nimletee dada yake. Dada yake nimempata.

Mama, nilikudanganya kwa sababu ya mkono wako. Siku ile gari lilipokudondokea ulikuwa umenituma magogo, na mimi nilichelewa, nilikuwa nacheka na watu nje. Nilitoroka nyumbani kwa sababu nilishindwa kukutazama unavyojifunza kufunga vifungo upya. Nilipogonga ule mwamba nikasema, hapana, si mara ya pili, siwezi kuwa mimi tena. Na kwa kukataa kuwa mimi, nusura nimuue mtu.

Sijui niende wapi sasa. Kipande cha chuma kilichovunjika kiko mfukoni mwangu, kinachoma paja.

Mwanao


Jumamosi, tarehe 7 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila lori lile limenipangua mifupa na kuipanga upya, na sidhani kama imerudi kwa utaratibu uleule.

Naandika nikiwa chumbani kwako. Mwenyekiti amenifungulia. Blanketi lako jembamba. Barua zangu umezipanga dirishani kwa tarehe, nikazitazama, nikatoka nje kidogo, nikarudi.

Nimeshaambiwa yote. Kila mtu huku ana namna yake ya kusimulia, lakini wote wanakubaliana mlishusha mzigo chini ya Ngazi na si juu yake, na kwamba ni wewe uliyesema. Mwenyekiti bado ana kinyongo, na ana haki nacho. Kasi ana haki zaidi. Usiwaombe wakusamehe upesi ili wewe upate kulala. Nenda hospitali kila siku, kaa mlangoni kama hutakiwi ndani. Kazi yako ni hiyo kwa sasa.

Kaa nimekwenda kumwona, wamemburuta mpaka uwanjani. Ufa ulikuwa wa zamani, robo tatu ya chuma imeshaliwa na kutu, robo tu ndiyo ilikuwa inang'aa. Robo hiyo ndiyo mliyokuwa mnaipanda. Nitamtengeneza. Kuna mtu hapa ana mashine ya kuchomelea, anachomelea vibaya, nitamfundisha.

Lori linashuka saa nne. Ningeweza kupanda niwe nawe jioni. Kikapu kiko tayari. Lakini kuna jambo ambalo siwezi kulisema nikikutazama usoni, nimejaribu peke yangu mbele ya kioo nikashindwa, kwa hiyo barua ndiyo itakayopanda lori na mimi nabaki mpaka lori la wiki ijayo. Utakuwa na siku saba za kunifikiria bila mimi kuwapo.

Jeki ilikuwa inavuja.

Ile ya siku ile. Ilikuwa inavuja mafuta wiki mbili kabla. Nilijua. Kila asubuhi nilikuwa nafuta doa sakafuni kwa mguu ili wateja wasilione. Nilikuwa naahirisha kubadilisha mpira wake, leo, kesho. Nilikutuma magogo, ndiyo, na ulichelewa, ndiyo. Lakini nilijua ile jeki haishiki, na bado nikaingiza mkono kabla hujarudi, kwa sababu mteja alikuwa amesimama na mimi nataka kuonekana mwepesi.

Wewe ukaja mbio, ukaona damu, ukapiga magoti ukasema, "Mama nisamehe, ni mimi." Nami nikanyamaza. Siku ya kwanza ni maumivu yaliyoninyamazisha. Siku ya pili haikuwa maumivu. Nilikuona umejibebesha, na mimi nikaona ni nafuu ubebe wewe kuliko watu kusema fundi yule ana jeki mbovu. Ulipoondoka niliwaambia watu umekwenda kutafuta kazi. Miezi ishirini na sita nilikuwa na kalamu, na anwani ya ofisi yako niliipata mwezi wa kwanza.

Nilipokuandikia kwamba namba zako zinasema umenidanganya, niliiweka kalamu chini mara tatu, na si kwa sababu ya vidole.

Ufunguo wa duka uko kwa fundi cherehani. Ukitaka kufungua, fungua. Ukitaka kuondoka kabla sijarudi, nitaelewa, sitakufuata kwa barua.

Maji ya kileleni nimeyanywa, kijana mmoja ameniletea dumu. Yana ladha ya bomba jipya. Anasema jana asubuhi huko juu kulikuwa na foleni ya ndoo mpaka chini ya shule, watu wanagombana nani alitangulia, mwenyekiti anapiga kelele katikati kwa furaha.

Mama yako


Alhamisi, tarehe 12 Septemba

Mama,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumamosi jioni, dereva aliiacha kwa fundi cherehani.

Jumapili nilikuwa na hasira. Jumatatu pia. Nilikwenda mpaka kituo cha mabasi na begi, nikakaa pale mpaka wakafagia chini ya miguu yangu. Nilikuwa nakukumbuka unavyofuta sakafu kwa mguu. Nililiona lile doa, Mama. Niliona, nikadhani ni la gari.

Jumanne nilikwenda hospitali. Kasi alikuwa amekaa. Nilimsomea barua yako yote, sijui kwa nini, hakuniomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nyinyi watu wa nyumba moja mnafanana hadi mnavyonyamaza." Kisha akaniambia nimwekee mto vizuri. Hayo ndiyo maneno yote aliyonipa, lakini mto niliuweka.

Jana nilichukua ufunguo. Wamekuja wateja watatu, wawili nimewaambia warudi ukiwapo, mmoja nimemtengenezea breki.

Bado nina hasira kidogo, na bado nina aibu, na sijui ipi itaisha kwanza. Nitakwambia mwenyewe, kwa mdomo. Barua hii nampa dereva akupe mkononi kesho. Usiijibu. Panda lori.

Mwanao